Lori la pamba likikosa nguvu, turbo isihukumiwe bila kupimwa

KILA msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, kwa kawaida kuanzia Mei, gereji za Bariadi hupokea mgonjwa wa aina moja. Ni lori au pikapu ya dizeli ambayo ikiwa tupu inakwenda vizuri, lakini ikishapakiwa inakuwa kama inashikwa kwa nyuma. Dereva anakanyaga mafuta, injini haitaki kupanda, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Akisimama pembeni, akazima na kuwasha tena, nguvu inarudi kwa kilometa chache, kisha inatoweka.

Fundi akisikia maelezo hayo, wengi wao hutoa hukumu papo hapo: turbo imekufa.

Inawezekana amesema kweli. Turbo hufa kama kifaa kingine chochote, hasa ile inayonyimwa oili safi, au ile ambayo dereva wake ana tabia ya kuzima injini ikiwa bado ya moto mara tu anapofika. Lakini turbo iliyovunjika haiponi kwa kuzungusha ufunguo. Gari linalopata nguvu baada ya kuzimwa na kuwashwa linatoa ushahidi wa jambo jingine kabisa, nalo ni kwamba kompyuta ya injini imepokea taarifa isiyoielewa, ikaamua kupunguza dizeli ili injini isije ikajiua. Ikiwashwa upya, inaanza hesabu upya.

Taarifa hiyo hutoka kwenye kifaa kidogo kinachoitwa sensa ya presha ya turbo. Ukubwa wake hauzidi vidole viwili au vitatu vikiwekwa pamoja. Kazi yake ni kupima hewa inayosukumwa na turbo kuingia kwenye injini na kuipeleka kwa kompyuta kama kiasi fulani cha umeme. Kompyuta ikishajua hewa ni kiasi gani, ndipo inapoamua dizeli iingie kiasi gani. Sensa ikidanganya, turbo nzima kabisa itaonekana mbovu, na injini nzima itaendeshwa kama ya wagonjwa.

Tofauti ya bei kati ya vitu hivyo viwili ndiyo inayofanya suala hili kuwa la kurasa za biashara badala ya kubaki la gereji. Turbo, hata ile iliyotumika, ni mzigo wa fedha unaoweza kumeza mapato ya safari nyingi za pamba. Sensa ni sehemu ndogo tu ya gharama hiyo. Na mara nyingine hata sensa haihitajiki. Kinachotakiwa ni kibano cha mpira kukazwa, au waya mmoja kuunganishwa vizuri.

Hasara haiishii kwa mwenye gari. Tangu 2018 pamba ya mkulima imekuwa ikipitia kwenye vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, kabla ya kwenda kwenye vinu vya kuchambulia. Ghala la chama likijaa na lori likiwa juu ya mawe gereji likisubiri turbo kutoka Mwanza au Dar es Salaam, mkulima wa Meatu au Itilima aliyevuna jana hana pa kuipeleka pamba yake. Msimu wenyewe ni wa miezi michache. Mwenye lori aliyechukua mkopo anautegemea msimu huo kulipa marejesho ya mwaka mzima, na wiki mbili za kukaa gereji mwezi wa Julai hazifidiwi na wiki mbili za Novemba.

Ni haki kusema kwamba mafundi hawa si wavivu wala si wajinga. Turbo si kitu kipya. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na kwa miaka mingi baada ya hapo ilibaki chombo cha chuma na oili peke yake. Fundi wa Kanda ya Ziwa aliyejifunzia kwenye malori ya zamani, yale yasiyo na kompyuta, alijua kuisikiliza ikipiga mluzi, kuutikisa mhimili wake kwa vidole, na kuangalia kama inatema oili. Ujuzi huo bado una thamani. Ila gari la leo lina shahidi wa pili ambaye hasikiki kwa sikio, naye ni umeme.

Wapo watakaojibu kwamba siku hizi Bariadi nako gari linapimwa kwa kompyuta. Ni kweli, na hapo ndipo kosa jingine linapoanzia. Mashine ikichomekwa inatoa namba, kwa mfano P0237 au P0238, na fundi anasoma maelezo yanayotaja sensa ya presha ya turbo. Anafunga mashine, anaandika spea, mteja anatafuta fedha. Lakini namba hiyo haikusema sensa imekufa. P0237 inasema umeme unaofika kwenye kompyuta kutoka upande ule ni mdogo mno, na P0238 inasema ni mkubwa mno. Kwa nini ni mdogo au mkubwa, hiyo ni kazi ya fundi kutafuta. Vivyo hivyo P0299 inasema hewa iliyosukumwa ni pungufu kuliko iliyotarajiwa, na P0234 kwamba imezidi. Hakuna hata moja kati ya namba hizo inayosema "nunua turbo".

Kati ya sensa na kompyuta kuna waya, na kwenye magari yanayobeba pamba waya una maadui wengi. Injini huoshwa kwa maji ya presha kubwa, maji yakaingia kwenye plagi ya sensa na kuotesha kutu ya kijani. Lori linalolala jirani na ghala hutembelewa na panya. Kuna pia waya uliokatika miaka miwili iliyopita ukasokotwa kwa vidole na kufungwa utepe mweusi, ukasahaulika. Barabara za vumbi zikiutikisa, unagusa na kuachia, na taa inawaka na kuzimika bila mpangilio.

Kuutambua waya wa namna hiyo hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kunahitaji multimita, ambayo fundi yeyote wa umeme wa magari anayo. Sensa nyingi za aina hii zina nyaya tatu. Mmoja unaleta umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mwingine ni wa ethi, na wa tatu unarudisha jibu. Zile zenye nyaya nne zinapima na joto la hewa pia. Swichi ikiwa imefunguliwa na plagi imechomolewa, volti 5 zisipokuwepo, hakuna sensa mpya itakayotibu ugonjwa huo. Na volti 5 hizo mara nyingi hugawanywa kwa sensa zaidi ya moja. Sensa nyingine kabisa, iliyopo upande wa pili wa injini, inaweza kuwa ndiyo inayozivuta chini, na lawama ikaangukia kwa jirani yake.

Kipimo kingine hakigharimu hata senti. Fundi anachomoa plagi ya sensa na kusoma namba upya. Kama kompyuta ilikuwa inalalamikia umeme mdogo, na sasa inalalamikia umeme mkubwa, au kinyume chake, maana yake waya na kompyuta vinasikia mabadiliko, na mtuhumiwa ni sensa yenyewe. Kama lalamiko ni lile lile, fundi aanze kuufuata waya kabla hajamtuma mtu dukani.

Lipo jambo moja ambalo halitajwi kwenye video nyingi ambazo vijana wa gereji hujifunzia kwenye simu, nalo linaigusa Simiyu moja kwa moja. Video hizo nyingi zimerekodiwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Mwalimu anafungua swichi bila kuwasha injini, mashine inaonyesha kilopaskali 100 au 101, anasema sensa ni nzima. Fundi wa Bariadi anafanya hivyo hivyo, anapata 87 au 88, anaona pungufu ya 13, na sensa nzima inahukumiwa.

Sensa hiyo imesema ukweli mtupu. Injini ikiwa imezimwa, sensa haina presha ya turbo ya kupima. Inapima hewa ya mahali ilipo. Ziwa Victoria lenyewe liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka Lamadi kuja Bariadi unapanda zaidi. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, na kipimo cha karibu kilopaskali 87 ndicho sahihi. Ikionyesha 101 ikiwa Bariadi, hapo ndipo fundi anapaswa kushtuka.

Njia ya uhakika zaidi ni kulinganisha. Magari mengi ya dizeli yenye kompyuta yana sensa nyingine inayopima hewa ya nje, wakati mwingine imefichwa ndani ya kompyuta yenyewe. Injini ikiwa imezimwa, sensa hizo mbili zinapima hewa ile ile, hivyo lazima zikubaliane, au zitofautiane kwa kiasi kidogo sana. Moja ikisema 87 na nyingine 60, au 120, kuna mwongo kati yao. Fundi hahitaji kitabu cha kiwanda kulijua hilo.

Kosa la kusahau mwinuko hujirudia gari linapopimwa barabarani. Mashine nyingi huonyesha presha yote kwa pamoja, yaani hewa ya mahali na ile iliyoongezwa na turbo. Ikisoma 187, turbo ya gari lililopo Bariadi imeongeza 100. Anayetoa 101 kichwani kwa mazoea atadhani imeongeza 86, aseme imechoka.

Na kipimo hicho hakifanyiki gari likiwa limesimama. Kupiga resi gereji, moshi ukatanda na majirani wakafunga madirisha, hakumwonyeshi fundi chochote cha maana kuhusu turbo, kwa sababu injini isiyo na mzigo haihitaji hewa nyingi. Lori linatakiwa lipakiwe, litoke, na msaidizi akae pembeni ya dereva akitazama mashine wakati gari linavuta. Barabara ya lami ya kwenda Lamadi, yenye kilometa 71.8, inatosha na kubaki. Presha ikipanda vizuri kisha ikaporomoka ghafla huku sauti ya injini haijabadilika, sensa au waya wake ndio wa kutazamwa. Ikipanda taratibu na kuishia njiani huku moshi mweusi ukitoka na mluzi wa hewa ukisikika, hewa inavuja mahali.

Uvujaji huu ndio ugonjwa ambao huenda unaongoza kwa kusingiziwa kuwa ni turbo. Kati ya turbo na injini kuna mipira mikubwa inayopitisha hewa kwenye kipoozeo. Mpira ukipasuka upande wa chini, ambako jicho halifiki, hewa iliyosukumwa inaishia barabarani. Alama yake ni utando wa oili na vumbi lililogandamana kuzunguka ufa. Povu la sabuni na hewa kidogo ya kompresa vinatosha kuuonyesha. Chujio la hewa nalo lisisahaulike. Msimu wa pamba ndio msimu wa kiangazi, na kati ya vumbi la mbuga na manyoya ya pamba chujio hujaa mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Chujio la dizeli lililoziba nalo huleta dalili zinazofanana.

Kwenye baadhi ya magari sensa haikufungwa moja kwa moja kwenye bomba la hewa. Imefungwa pembeni na kuunganishwa kwa mpira mwembamba, ambao masizi huuziba kidogo kidogo. Hapo sensa ni nzima, waya ni mzima, turbo ni nzima, na gari halina nguvu. Dawa yake ni kuuchomoa mpira huo na kuusafisha au kuubadilisha. Wapo wenye magari waliobadilisha turbo kwa ajili ya tatizo kama hilo, likawarudia ndani ya wiki.

Sasa, kama vipimo vyenyewe ni rahisi kiasi hiki, kwa nini havifanyiki? Jibu liko kwenye malipo. Katika gereji zetu nyingi nchini fundi halipwi kwa kupima, analipwa kwa kufungua na kufunga. Akitumia asubuhi nzima kuufuata waya na kugundua kwamba umekatika, mteja anamuuliza kwa dharau inawezekanaje adai fedha kwa kuunganisha waya mmoja. Akifungua turbo na kufunga nyingine, mteja analipa bila ubishi kwa sababu amekiona chuma kikitoka na chuma kikiingia. Na kama spea imepitia kwa fundi, kuna kitu kidogo cha duka. Mwenye gari anayelalamika kwamba mafundi wanabahatisha ndiye huyo huyo aliyeweka bei ya kubahatisha juu kuliko bei ya kufikiri.

Sekta ya afya iliwahi kupita njia hiyo hiyo. Kwa miaka mingi, kila homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na dawa ilitolewa kwa kumtazama mgonjwa usoni. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na leo hata zahanati ya kijijini ina kipimo cha haraka. Hakuna anayeona ajabu kulipia kipimo kisha akaambiwa hana malaria. Mwenye lori naye anapaswa kuona ni halali kulipia kipimo na kuambiwa turbo yake ni nzima. Fedha hiyo haikupotea. Imezuia nyingine nyingi zisipotee.

Kwa upande wa maduka ya spea, maandishi yanayojulikana kote ni kwamba spea ya umeme ikishauzwa hairudishwi. Kibiashara linaeleweka, kwani muuzaji hawezi kujua fundi ameiunguza au la. Lakini maana yake ni kwamba hatari yote ya kubahatisha inabebwa na mteja. Sensa hizi pia zinafanana kwa umbo na plagi huku ndani zikiwa tofauti. Moja imetengenezwa kupima mpaka kilopaskali 250, nyingine 300, nyingine 400. Inayoingia kwenye tundu si lazima iwe ndiyo inayofaa. Ikifungwa isiyo yake, kompyuta itasoma presha isiyo sahihi kila siku bila kuwasha taa yoyote, gari likanywa dizeli au kukosa nguvu, na hakuna atakayejua kwa nini. Namba iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani ndiyo ya kufuata, si sura yake.

Kuna ujanja mwingine unaopaswa kusemwa wazi. Fundi anafuta namba kwenye kompyuta, taa inazimika, anamkabidhi mteja gari, analipwa. Kufuta namba si matengenezo. Kompyuta itaiona hitilafu ile ile safari inayofuata, na wakati huo lori litakuwa na mzigo njiani kati ya Mwanhuzi na Maswa. Mteja ana haki ya kudai namba zilizoonekana ziandikwe kwenye karatasi kabla hazijafutwa, na ana haki ya kukabidhiwa spea iliyotolewa.

Suala la mafunzo nalo lina uzito wake. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya 1994, wakati gari lenye kompyuta lilikuwa jambo la kuhadithiwa katika vijiji vya Usukuma. Leo kijana anayemaliza mafunzo ya ufundi wa magari anakutana na kompyuta kwenye gari la tatu au la nne analoguswa nalo. Lakini wanaohitaji msaada kwa haraka zaidi ni wale ambao tayari wako gereji, wenye familia, wasioweza kuacha kazi mwaka mzima. Hao wanafaa kozi fupi za siku chache, zinazofanyika hapo hapo Bariadi, kwa multimita na gari halisi, nje ya msimu wa pamba wakati kazi ni chache.

Mahali pa kuanzia pasipo na gharama kubwa papo. Viwanja vya Nyakabindi, vilivyobeba maonesho ya Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, hujaza matrekta yanayong'aa ambayo mengi yana turbo na sensa kama malori. Wauzaji hueleza nguvu za farasi na masharti ya mkopo. Ni nadra mkulima kuelezwa trekta hilo likikosa nguvu shambani Busega nani ataipima sensa yake, na kwa kifaa gani. Anayekopa kwa ajili ya chombo hicho angefanya vyema kuuliza swali hilo kabla ya kusaini.

Kwa wenye vinu na vyama vya ushirika wanaokodi malori, lililo ndani ya uwezo wao ni kuweka sharti moja kwenye mkataba, kwamba lori lipimwe Aprili, kabla ya mzigo wa kwanza. Vipimo vitatu vinatosha kuandikwa kwenye daftari la gari: sensa inasoma ngapi injini ikiwa imezimwa, inasoma ngapi injini ikiunguruma bila mzigo, na inasoma ngapi lori likivuta mzigo kamili. Julai lori likilegea, fundi hataanza na turbo. Ataanza na daftari, alinganishe, na kujua ndani ya saa moja ni kipimo gani kimebadilika.